Mwongozo kamili: kuwatolea watoto hadithi mpaka wamuonee huruma fisi

Asalaam aleikum jamani. Leo naandika kwa urefu mana nimechoka kumjibu kila mtu peke yake swali lile lile: mbona hadithi haziwatii watoto huruma? Mnanambia, "nimewatolea watoto hadithi kama ulivyosema, wamecheka, wamelala, asubuhi wameamka wamekwenda kumrushia mawe yule yule mgonjwa wa akili wa sokoni." Haya. Nikiuliza ulifanyaje, naambiwa nilitoa hadithi nzuri, na mwisho nikawaambia watoto, funzo lake ni tuwe na huruma.

Hapo hapo ndo panapoharibika na nitakuonesha kwa nini. Mie hukaa na watoto wa mtaa barzani kwetu, Chake Chake, Pemba, Ijumaa usiku baada ya Isha mana kesho yake hakuna skuli. Mwaka wa sita huu na makosa yote nimeshayafanya, mengine nimeyaandika humu ili weye usipoteze muda.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Mkeka au jamvi. Viti hapana, kiti kinampa mtoto mpaka wake, na sisi tunataka magoti yagusane.

Taa moja ndogo tu. Kama umeme upo zima ile ya ukumbini. Mie nina kandili ya marehemu bibi, ila hata tochi ya simu iliyofunikwa na kitambaa inatosha (simu yenyewe igeuze chini usione meseji).

Pakacha la kuwekea simu, na ya kwako iwe ya kwanza kuingia. Ukishika simu wewe ushapoteza kikao.

Watoto watano mpaka kumi. Wakizidi hapo huwezi kushika macho yao wote. Na wasiwe wa nyumba moja, changanya, awepo angalau mmoja ambaye wenzake hawamzoei, aliehamia juzi, au yule anaesoma chuo cha Kurani chengine.

Njugu au kashata, zigaiwe KABLA hujaanza. Niliwahi kugaia katikati, ikawa ugomvi wa kashata, hadithi ikafia hapo.

Hadithi moja, na dakika arubaini. Basi, hakuna cha kununua zaidi.

## Hatua ya 1: Chagua hadithi yenye mtu wa kuchukiwa

Wengi mnachagua hadithi ya yatima mzuri anaeonewa. Sasa kumuonea huruma yatima mzuri kuna kazi gani, kila mtu anaweza hata mwizi. Kazi ipo kwa yule ambaye mtoto keshamkatia hukumu: fisi, mama wa kambo, bakhili, tajiri asiekumbuka alipotoka.

Hadithi zetu za zamani zimejaa watu kama hawa. Mie niipendayo sana ni ile ya maskini na paa, yule mnyama. Kwa wasioijua, kwa ufupi vile nilivyoisikia mimi: maskini anachakura jaani, pa kutupia taka, akitafuta punje za mtama, siku moja akapata thumni (sarafu ndogo ya zamani), badala ya kununua chakula akanunua paa. Paa akaokota almasi, akampelekea sultani akisema imetoka kwa bwana wake, akamuozesha bwana wake binti wa sultani, akaenda akamuua nyoka wa vichwa saba akampatia bwana jumba lake. Halafu paa akaumwa. Na yule bwana, mwenye nyumba na mke na kila kitu kwa sababu ya paa, akasema mpikieni uji wa mtama mbovu, kwani si nilimnunua thumni tu? Paa akafa, akatupwa kisimani. Bwana akalala, na alipoamka akajikuta yuko jaani anachakura.

Onyo hapa: hadithi zilizotungwa makusudi kufundisha, za mtoto mwema na mtoto mbaya, ziwache. Watoto wananusa. Wanakaa kimya kwa adabu tu wakisubiri iishe.

## Hatua ya 2: Ijue kwa mifupa, usiikariri

Usisome kwenye karatasi. Ukisoma macho yako yapo chini na sura yako ndo nusu ya hadithi, mtoto anatizama uso wako ajue kama paa ataokoka.

Chukua maneno machache yaandike kiganjani ukitaka: jaa, thumni, paa, almasi, nyoka, uji, kisima, jaa. Hayo manane ndo mifupa, nyama utaiweka wewe usiku ule ule. Jumba liwe na milango mnayoijua nyie, uji upikwe kwenye chungu kama cha kwenu, mana mtoto haingii kwenye nyumba asiyoiona.

Utajua iko tayari pale unapoweza kuitoa yote huku unamenya muhogo.

## Hatua ya 3: Kipimo cha kisheti

Hii ni ya haraka na watu huishangaa. Mueleze mtoto hivi: Makame kaweka kisheti chake chini ya kawa akatoka kwenda kucheza. Mama yake akakihamisha akakitia kabatini. Makame akirudi atakwenda kukitafuta wapi?

Wa miaka mitatu wengi watakwambia kabatini. Sio mjinga, ila anaona analolijua yeye basi na Makame analijua. Akifika minne au mitano anaanza kukwambia chini ya kawa. Jaribio kama hili walilifanya Heinz Wimmer na Josef Perner, wakalichapisha mwaka 1983, wao walitumia mtoto na chokoleti yake.

Kwa nini nakuletea hapa? Kwa sababu mnanambia "mwanangu ana roho ngumu" kumbe ana miaka mitatu. Wadogo hao wapakate wasikilize sauti tu, maswali ya hatua ya tano usiwaulize. Wakubwa ndo kazi yako.

## Hatua ya 4: Fungua kwa paukwa

Usianze na "nyamazeni". Anza na "Paukwa!" wao waitikie "Pakawa!" na kama hawajaitikia wote rudia mpaka yule aliekaa mwisho amenuna nae afungue mdomo. Kama unaijua ile ya kaondokea chenjagaa kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwanasiti, ipige yote, watoto wanaipenda hata wasipojua maana yake (nami zamani sikuijua na wala haikunidhuru).

Sababu ni kwamba mtoto akishaitikia keshakubali kuingia, hukumburuza. Na sauti kumi zikitoka pamoja yule mgeni nae keshakuwa mmoja wao kabla hata hadithi haijaanza.

Bibi yangu alikuwa hatoi hadithi mchana, ati utaota mkia. Siku hizi namuelewa, mchana mtu anaitwa dukani, maji yanakuja mferejini, mpira uko uwanjani, utamshika nani.

## Hatua ya 5: Simama pale panapouma

Hii ndo hatua inayowashinda wengi kwa hiyo someni polepole.

Unatoa hadithi, unafika pale kizee cha mle jumbani kimetumwa na paa kipande juu kumwambia bwana paa anaumwa, na bwana anasema mpikieni mtama mbovu. SIMAMA. Usiseme kitu. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Watoto watakutizama, mmoja atasema "ah!" Ndo unataka hiyo "ah".

Sasa uliza. Na hapa kuna maswali mawili, moja linaua na moja linafufua. Linaloua ni hili: "Je, bwana alifanya vizuri au vibaya?" Wote watasema VIBAYAA kwa sauti ya darasani na imekwisha, hakuna aliefikiri. Linalofufua ni hili: "Pale alipokuwa anasema vile, alikuwa anawaza nini moyoni?"

Kwetu mara ya kwanza nilipouliza hivi mtoto mmoja akasema anaringa tu. Mwengine akasema labda kachoka, paa kazoea kumuamrisha kila siku fanya hivi fanya vile. Halafu kulikuwa na msichana wa miaka tisa, mtulivu sana, akasema "anaona haya. Akimtizama paa anakumbuka jaa."

Wallahi nilikaa kimya. Hadithi ile nimeisikia tangu mdogo na sikuwahi kuona hilo, kwamba mtu anaweza kumchukia aliemsaidia kwa sababu yule ndie shahidi wa umaskini wake. Na nyie mnajua watu wa aina hiyo, mtu katoka kijijini kapata cheo mjini, akimuona mjomba aliemlipia ada anavuka barabara.

Basi usimsifu sana mtoto aliejibu vizuri. Ukimsifu, wenzake wataanza kutafuta jibu la kukufurahisha badala ya jibu lao. Sema "ehee" tu, endelea.

Na usisimame kila mahali. Mara moja, ikizidi mara mbili. Kuna siku nilisimama mara saba nikajiona mwalimu hodari, walipobaki watatu kwenye mkeka ndo nikatanabahi.

Utajua imekaa vizuri ukiona watoto wanabishana wenyewe kwa wenyewe na wewe wamekusahau.

## Hatua ya 6: Wiki ijayo, mpe fisi nafasi aseme

Chukua ile ile ya sungura anamdanganya fisi, ambayo wote wanaijua na wote wanamcheka fisi. Itoe kama kawaida wacheke washibe. Halafu mwambie mtoto mmoja: sasa wewe ndo fisi, tueleze, anza na "mimi".

Wataanza kwa kuigiza sauti mbaya na kuchechemea, waache. Baada ya dakika mbili wanaishiwa na vichekesho na hapo ndo kitu kinaanza. Kwetu mtoto wa kiume, mtundu kweli, alianza hivi: "Mimi nilikuwa sijala siku nne. Sungura akaniita rafiki yangu. Hakuna aliewahi kuniita rafiki." Watu kimya. Akaendelea, "nikajua ananidanganya ila nikaenda tu."

Fisi mwenyewe hatuna, si Unguja si Pemba, hawa watoto hawajapata kumuona, wanamjua kwa matusi tu. Ndo mana nampenda kwa kazi hii. Kuna watu wa kweli pia tunawajua kwa matusi tu.

Onyo: usimpe nafasi ya fisi yule mtoto ambaye wenzake tayari wanamuita majina. Mpe yule anaewaita wenzake.

## Hatua ya 7: Meza funzo lako

Ukifika mwisho funga kama wazee walivyokuwa wakifunga: hadithi yangu imekwisha, ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu mimi peke yangu. Nyanyuka, kung'uta mkeka.

Najua ulimi utakuwasha. Utataka kusema "kwa hiyo watoto..." USISEME. Ukisema hivyo unachukua kitu alichokuwa anakitafuna mwenyewe unamrudishia kimetafunwa na wewe. Mtoto anaelala na swali la kwa nini bwana alikuwa vile, kesho asubuhi akiwa njiani skuli bado analo. Anaelala na jibu lako kalimaliza papo hapo.

Akikuuliza mwenyewe njiani, mjibu kwa swali, "wewe waonaje?" Basi.

## Hatua ya 8: Baada ya mwezi, leta mtu wa kweli

Vikao vinne vitano vya hadithi vikishapita wapo tayari. Mualike mtu wa karibu ambaye watoto wanamuona kila siku na hawamuoni. Sisi tulianza na mama mmoja anaelima mwani. Watoto walikuwa wakiwacheka akina mama wa mwani ati wananuka. Akaja akawaeleza vipi wanafuata maji, bamvua likiwa limekupwa ndo muda wa kazi hata kama jua la utosi, unainama kufunga kamba mpaka kiuno hakinyooki, na msimu mwengine maji yanapata joto mwani unakatika unaoza, unarudi na kamba tupu. Mwaka mwengine alikuja mvuvi wa Kojani akaeleza maisha ya dago, yaani kambi ya wavuvi, miezi mbali na wanawe, anarudi mwanawe mdogo hamjui.

Masharti yake ni haya. Mgeni akubali mwenyewe na achague mwenyewe aseme nini. Watoto waandae maswali ila marufuku "shida zako ni zipi?", mtu hakuja kuoneshwa kama kidonda. Waulize: siku gani ulifurahi sana kazini? Siku gani ulitaka kuacha? Nani alikufundisha? Na mwisho watoto nao wamtolee yeye hadithi. Asiondoke mikono mitupu, yeye katoa na nyie mtoe.

Wale wenye watoto waliohamia kutoka bara, au waliotoka Unguja kuja huku, au Wapemba mnaokaa Unguja na wanenu wanaitwa wachawi skuli: hatua hii kwenu ni muhimu kuliko zote. Ila usimuweke mtoto mwenyewe kitini. Muite baba yake au bibi yake, mtoto ataona fahari pembeni.

## Mambo mawili ya hatari

Moja, popobawa, lile jini linalosemwa huvamia watu usiku. Najua watoto wanamtaka. Usiku usimtoe. Walioshuhudia mwaka 1995 wanajua vipi watu wazima walikuwa wanalala nje kwa makundi na moto umewashwa, Pemba kwanza halafu Unguja. Hadithi ya hofu inafanya kazi kinyume na yetu, inamfundisha mtoto kumtizama jirani kwa jicho la shaka.

La pili, bahari. Niliwahi kutoa hadithi ya jahazi lililozama, nimeipamba vizuri na mawimbi, mtoto mmoja akanyanyuka akatoka bila kusema. Nikaja kuambiwa nyumba yao iliondokewa na watu katika ile meli iliyozama Septemba 2011 ikitoka Unguja kuja huku kwetu. Yeye hakuwa amezaliwa lakini kalelewa ndani ya msiba ule. Toka siku hiyo nauliza kwa wazazi kwanza nani kaondokewa na nani. Kilio kikitokea usikikatize kwa "nyamaza mwanaume halii", mkalishe karibu yako, hadithi iishe mapema, kesho nenda kwao.

## Utajuaje imefanya kazi

Sio machozi na sio maneno mazuri. Hesabu "labda". Mtoto aliekuwa anasema "yule mkorofi" akianza kusema "labda kwao hakulala vizuri", umeshafika. Mie huhesabu kwa vidole kwenye kikao. Mwezi wa kwanza unaweza kupata labda moja, mbili. Usikate tamaa.

Na msitarajie hadithi moja ifanye miujiza. Mwaka 2013 David Kidd na Emanuele Castano walichapisha kwenye jarida la Science kwamba kusoma hadithi za fasihi, hata kipande kifupi tu, kunamsaidia mtu kutambua hisia za wenzake. Watu wakashangilia. Wengine wakaja kurudia jaribio wasipate matokeo yale. Mie sikushangaa, mchuzi hauivi kwa njiti moja ya kibiriti. Hii ni kazi ya kila wiki.

## Mlioniuliza zaidi

*"Mume wangu anasema nawafundisha watoto kutetea uovu."* Mwambie asikilize mpaka mwisho. Bwana wa paa anarudi jaani, hakuna aliemuokoa na mie simuokoi. Kujua mtu alikuwa anawaza nini sio kumsamehe deni. Nawe usibadilishe mwisho ukawa mtamu, watoto watakudharau.

*"Wangu wanataka katuni tu."* Sawa, kaa nao. Dakika ya kumi bonyeza isimame, uliza swali lile la hatua ya tano kuhusu yule adui. Mara moja tu, halafu iachie. Ni njia ya polepole lakini ni njia.

*"Watoto wakubwa, miaka 14, wanaona ni mambo ya kitoto."* Wape wao watoe, wewe ukae na wadogo uitikie pakawa. Kijana akishika usukani haoni tena utoto.

*"Mimi sijui hadithi hata moja."* Hapana, unazo, zimelala. Nenda kwa mzee yeyote wa kwenu, mpigie hodi baada ya Magharibi, mchukulie mkate wa ufuta, muombe ruhusa urikodi kwa simu. Atakwambia mwanangu mie nimeshasahau zote. Usibishane nae. Kaa chini, mwambie tu "Paukwa", uone kama mdomo wake hautajibu wenyewe.